Pua ya Mzee Shee na Divai ya Harusi

Vijana wenzangu wa baa na wa mezani, meneja ameniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau. Nadhani alitaka kusema kabla sijafa, ila ana adabu. Wiki iliyopita mliniaga kwa keki, chupa ya chai na hotuba iliyoniita nguzo ya hoteli. Nguzo haipewi chupa ya chai, lakini nashukuru. Sitawaeleza nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Cheo changu cha mwisho kilikuwa na neno la Kifaransa ambalo marehemu mama yangu alilitamka kama jina la ugonjwa, na majirani walimpa pole. Nitawaeleza habari ya divai moja nyekundu ya Bordo na mzee mmoja aliyeilinda. Naona siku hizi mnafungua chupa kwa kuzungusha kifuniko, mnamimina jicho moja likiwa kwenye simu, na mgeni akiuliza divai hii ikoje mnamjibu, "Ni nzuri, bosi." Uji nao ni mzuri.

Mimi ni mtu wa Kibarani, Kilifi. Baba yangu alikuwa mgema, na mimi nilikuwa nakwea minazi kabla sijajua kusoma. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilisikia kuna hoteli ya Malindi inatafuta kijana anayejua divai, nikavaa suruali ya kaka yangu nikaenda. Mwenye hoteli alikuwa mjane wa Kifaransa, Madamu Odile, mwembamba, mwenye sauti kubwa. Alikuwa Mfaransa pekee katika mji ulioanza kujaa Waitaliano, na jambo hilo lilimuuma kuliko joto.

"Wewe najua divai?" akaniuliza.

"Baba yangu ni mgema, Madamu."

Nikamweleza mgema ni nani. Akacheka hadi akakaa. "Kwetu Ufaransa baba yako kuwa na jumba kubwa," akasema, kisha akanipa koti jeupe. Jioni nilipomweleza Baba, aliuliza jumba hilo limezungukwa na minazi mingapi. Nilipomwambia kwamba Ufaransa hakuna minazi hata mmoja, akapoteza hamu na mazungumzo.

Siku yangu ya kwanza mezani ingekuwa ya mwisho. Kwetu Wagiriama, anayekukaribisha tembo la mnazi huonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Ndiyo adabu. Asiyeonja ana neno lake moyoni, na si neno la heri. Basi nikatumwa kwa Mwitaliano mmoja mnene, mwenye mkufu wa dhahabu kifuani. Niliambiwa nimimine kidogo kwanza. Nikamimina kidogo. Kisha nikaichukua glasi yake, nikanywa, nikasimama kidogo nione kama kuna litakalonipata, nikaufuta ukingo kwa kitambaa, nikamwambia, "Karibu, Bwana. Haina kitu."

Yule bwana aliinuka na meza ikainuka naye. Madamu akaja mbio. Nikamweleza kwamba nimehakikisha divai haina sumu, kama desturi inavyotaka. Akamtafsiria mgeni, huku akijizuia kucheka. Mgeni akakaa, akafikiri sana. Nadhani alikuwa mtu mwenye maadui, kwa sababu tangu siku hiyo hakukubali kuhudumiwa na mtu mwingine, na akawaleta marafiki zake, ambao pia walionekana kuwa na maadui. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba: Karisa huonja kwanza. Nilichobadilisha ni kutumia kiglasi changu mwenyewe.

Aliyenifundisha kazi hakuwahi kunywa hata tone. Alikuwa Mzee Shee, mtu wa visiwa vya kaskazini aliyekulia Malindi, ambako baba yake aliuza marashi na udi. Alirithi pua. Alikuwa akikaa barazani akakwambia nyumba ya tatu wamepika nini, na kama kimeungua. Marehemu mume wa Madamu alimtafuta kwa makusudi. Alitaka mlinzi wa divai asiyekunywa, na njia rahisi aliyoiona ilikuwa kusubiri nje ya msikiti watu wakitoka kuswali. Mtaani walimsema Mzee Shee sana. Yeye aliwajibu neno moja: "Askari wa benki hutafuna noti?" Akaendelea na safari yake.

Stoo yetu ilikuwa chini ya ardhi. Hoteli ilijengwa juu ya nyumba ya kale, na nyumba hiyo ilikuwa na birika la mawe la kuwekea maji ya mvua. Maji yalikwisha zamani, likabaki shimo kavu lenye ngazi, giza na ubaridi. Juu watu wanayeyuka, chini unatamani shuka. Mzee Shee alilaza humo chupa zote ubavu, shingo zikitazama upande mmoja, ili divai iguse kizibo na kizibo kisikauke. Kizibo kikikauka hewa inaingia, na hewa ikiingia umepata siki ya bei ghali. Mara ya kwanza nilipoteremka alinizuia ngazini.

"Umeoga kwa sabuni gani?"

Nikamtajia.

"Rudi ukaoge kwa maji matupu. Humu haishuki sabuni ya manukato, haishuki samaki, na hilo tembo la kwenu la jana lililo kinywani mwako, pia halishuki. Mimi ni mtoto wa muuza marashi na sijitii hata tone nikija kazini. Wewe ni nani?"

Nilirudi kuoga. Nilikuwa na umri wa kuoa na bado nikatumwa kuoga.

Mwezi ule wa kwanza tulibishana kila siku. Mimi nilijua pombe ina siku moja tu. Tembo la asubuhi ni tamu, la jioni lina nguvu, la kesho limekuwa siki, na mgema anayekuuzia la juzi ni mtu wa kupelekwa kwa wazee. Sasa huyu ananiambia kuna pombe ambayo ukiinywa mapema umeiharibu. Nikamwambia Wazungu wamelala na chupa zao wakasahau kuamka, sasa wanatafuta kisingizio. Mzee Shee hakukasirika. Alinipeleka pembeni kabisa mwa birika, akanionyesha sanduku moja la mbao lililofunikwa gunia.

Sanduku lile lilikuwa na dazeni moja ya chupa. Ilikuwa divai ya mwaka aliozaliwa Ameli, mtoto wa pekee wa Madamu. Baba yake aliinunua iwe ya siku ya harusi yake, akaiagiza hadi Malindi, kisha yeye mwenyewe akafariki kabla ya binti kumaliza shule. Mzee Shee ndiye aliyeifuata bandarini Mombasa. Alisimulia jinsi alivyovuka na sanduku kwa feri ya Kilifi, amelifunika kwa shuka mbichi dhidi ya jua, na kila abiria akimpa pole akidhani ndani mna maiti ya mtoto. Alizipokea pole zote. Alisema ingechukua muda zaidi kueleza ukweli.

Mwaka ule nilioingia, Madamu alitaka kujua divai imefika wapi, akaamuru chupa moja ifunguliwe. Mzee Shee alinusa, mimi nikaonja. Rangi ilikuwa nzito kama maji ya zambarau yanayodoa nguo. Nilipoiweka mdomoni, ulimi ulikauka, mashavu yakajikunja, meno yakawa na ukungu.

"Mzee, hili ni gome la mkoko!"

Nilitarajia anikemee. Badala yake alinishika bega kwa furaha. "Umesema! Kwetu wakata mikoko hulibandua gome hilo, likatumika kwa ngozi. Ngozi ikilowekwa humo haiozi, utairithisha mwanao. Basi na hii divai, huo ukali ndio mlinzi wake. Ile laini wanayokunywa Waitaliano juu, leo tamu, mwakani wataizika. Divai isiyo na ukali ujanani haina cha kuzeekea."

Hapo nilianza kuelewa, na ninyi nawaomba muelewe hapo hapo, kwa kuwa ndiyo kazi yote. Divai ya kuweka haijulikani kwa utamu. Lazima iwe na tunda la kutosha, iwe na uchachu unaoamsha mate kama ukwaju, na iwe na lile gome. Vitatu hivyo vikiwa vingi na vinalingana, miaka inavipatanisha. Kimoja kikipungua, miaka haisaidii kitu, inakuletea tu divai mbovu iliyozeeka. Nimewahudumia na watu wa namna hiyo.

Miaka kadhaa baadaye tulifungua chupa ya pili. Nilikuwa nimeshaujua ulimi wangu na nilikuwa na majivuno kidogo. Nikaonja, sikupata kitu. Harufu hakuna, tunda hakuna, hata ukali wenyewe umejificha. Niliumia kweli. Nikamwambia Mzee Shee imekufa, tumwambie Madamu mapema anunue nyingine.

Alikaa na glasi ile muda mrefu, pua imezama ndani, macho amefumba. "Haijafa," akasema. "Imenuna."

"Divai inanuna?"

"Hununa. Ikitoka utotoni, kabla haijawa mtu mzima, hununa miaka. Mke wako akinuna wafanya nini?"

"Sina mke, Mzee."

"Ndiyo maana hujui. Wamwacha. Ukimbembeleza azidi. Funika gunia, twende zetu."

Nilimwamini, kwa sababu pua ile ilikuwa haijanidanganya hata siku moja. Tuligawana kazi hivyo: yeye pua, mimi ulimi. Chupa ikifunguliwa ananusa, ananitazama, mimi naonja, ndipo inapanda juu. Madamu alituita mtu mmoja mwenye miguu minne.

Kisha ikaja homa. Mzee Shee alilala nyumbani kwake mvua zote za masika, na mimi nikawa napeleka maziwa na kurudi bila kuonana naye, kwa maana mkewe alikuwa mkali kuliko homa. Aliporudi kazini alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Siku ya kwanza nilimfuata birikani nikasimama ngazini. Alikuwa ananuka marashi. Si kidogo, kama mtu aliyemwagikiwa na chupa nzima. Nilifikiri mkewe amemtia kwa ajili ya ugonjwa, nikanyamaza. Wiki hiyo hiyo nikakuta kahawa yake inaungua kwenye jiko la mkaa hatua mbili kutoka alipoketi, moshi umetanda, naye anasoma gazeti. Nikaitoa motoni, nikanyamaza tena.

Mara ya tatu sikuweza kunyamaza. Alifungua chupa nyekundu ya mgeni wa chumba cha juu, akanusa kama kawaida yake, macho kafumba, akasema, "Nzuri hii. Peleka." Mimi nilikuwa bado nimesimama mbali, lakini macho yalianza kuniwasha.

"Mzee, heshima yako ipo pale pale. Lakini hiyo ni siki. Inatosha kachumbari ya mtaa mzima."

Alinusa tena. Akanusa mara nyingine. Kisha akakaa kwenye ngazi, akaiweka chupa katikati ya miguu yake, akaivua kofia.

"Tangu homa," akasema.

"Husikii harufu kabisa?"

"Kabisa. Mke wangu amenipikia, nimemsifu chakula kitamu, na Wallahi sijui kilikuwa wali au karatasi. Udi wa baba yangu nimeuchoma, nimeona moshi tu."

Nilitaka kulia na nilikuwa nimeshika trei. Nilimzoea mzee yule akiwa na pua kama mtu alivyo na jina, na sasa ilikuwa imemtoka. Nikamwambia huenda itarudi. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

Jambo lenyewe lisingetusumbua sana, kama si kwamba wiki ileile Madamu alishuka na barua ya Ameli mkononi, akilia na kucheka. Binti anaolewa. Tena anaolewa hapa hapa Malindi, chakula cha mchana barazani, jamaa wanatoka Ufaransa. Na Madamu alishapanga kila kitu: Mzee Shee atavaa kanzu nyeupe, atasimama mbele ya wageni, atafungua chupa za sanduku lile na kunusa kila moja kabla haijamiminwa. Marehemu alimwahidi binti hivyo tangu mdogo.

Madamu alipopanda juu, Mzee Shee alinishika mkono.

"Usimwambie, Karisa. Akijua, atamleta fundi wa divai kutoka Nairobi, mwenye kijiko cha fedha cha kuonjea shingoni. Sanduku lile nimelilaza mimi. Nataka niliamshe mimi. Nikishaliamsha, naondoka mwenyewe, nakaa na wajukuu wangu, wanuse wao."

Nilikubali, na sikuhitaji kufikiri. Chupa moja mbovu ikipita mbele ya wageni wale, angeondoka kazini na aibu badala ya jina, na mji ule haukuwa na habari nyingine ya kuwasahaulisha watu aibu hiyo. Mpango wetu ulikuwa mwepesi. Desturi ya nyumba ilikuwa ipo: Karisa huonja kwanza. Basi yeye angenusa kwa madaha yote, kisha angenimiminia kidogo, mimi ningeonja. Ikiwa nzima, ningekaa kimya, naye angesema "Naam." Ikiwa mbovu, ningekohoa, naye angesema "Hii hapana."

Siku kadhaa kabla ya harusi tulizisimamisha chupa wima ili mashapo yashuke chini. Divai iliyokaa miaka hiyo yote huacha uchafu mweusi chini kama machicha ya kahawa, na mtu anayeitikisa chupa kuukuu apelekwe akauze soda. Siku yenyewe tunamimina polepole kwenye jagi la kioo, mshumaa umewashwa nyuma ya shingo ya chupa, na wingu la mashapo likifika shingoni tunaacha. Jambo jingine. Vitabu vyenu vinasema divai nyekundu inywewe katika joto la chumba. Chumba hicho ni cha Ufaransa, wakati wa baridi, na mwenye nyumba bahili wa kuni. Si baraza la Malindi mwezi wa kaskazi. Sisi tulizipandisha chupa kutoka birikani moja moja, zimeviringwa kitambaa kibichi, na mpishi akaambiwa asizisogelee.

Mpishi huyo namtaja kwa sababu atarudi.

Wageni walikaa. Ameli alikuwa amevaa gauni jeupe na kujipaka hina mikononi, bwana harusi ameshaiva kwa jua upande mmoja wa uso. Mzee Shee alitoka na kanzu yake, kofia imekaa sawa, kizibuo mkononi. Alikivuta kizibo cha kwanza bila sauti. Akainua chupa, akapitisha pua juu yake taratibu, akafumba macho. Mjomba mmoja wa Kifaransa akaacha kutafuna. Nami niliyejua kwamba mzee anapitisha pua juu ya shimo la kioo lisilo na kitu kwake, nilisogeza kiglasi changu karibu.

Akanimiminia. Nikaonja.

Vijana, nilisahau kwamba nina kazi. Lile gome lilikuwa bado lipo lakini limelainika na kukaa chini, limebeba kila kitu juu yake. Nilimeza na ladha haikuondoka, ilibaki inatembea mdomoni, inabadilika, huku watu wote wananitazama. Ilikuwa imeacha kununa. Sikukohoa.

"Naam," akasema Mzee Shee.

Ya pili, naam. Ya tatu, naam. Iliyofuata ilipofika puani kwangu ilinuka gunia lililolowa ambalo panya amefia ndani yake. Ugonjwa wa kizibo, hutokea hata katika nyumba za watu wa heshima. Nikakohoa kidogo. "Hii hapana," akasema Mzee Shee kwa sauti ya kadhi. Mjomba akainusa, akakunja uso, akapiga makofi. Wote wakapiga makofi. Nilimwona mzee anashusha mabega kwa mara ya kwanza siku hiyo, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo ningepaswa kuogopa hapo.

Chupa ya mwisho aliifungua kwa mbwembwe za kupita kiasi. Alinusa upande huu, akanusa upande ule. Mimi nikaonja, na naapa kwenu ilikuwa bora kuliko zote, nzima, imetulia. Wakati huohuo mpishi akatupa pilipili mbuzi kwenye mafuta ya moto, na upepo ukauleta moshi wote barazani, usoni kwangu. Nilijikaza. Nilijikaza hadi machozi yakatoka. Kisha nikakohoa kikohozi cha mtu wa kifua kikuu.

"Hii hapana!" akasema Mzee Shee.

Nikamtumbulia macho. Nikatikisa kichwa. Yeye akadhani nasisitiza. "Hii hapana kabisa!"

Neno limeshatoka. Madamu Odile aliinuka, akakichukua kiglasi changu, akanusa. Alinusa kwa muda. Akamtazama Mzee Shee, aliyesimama wima na kofia yake, mwenye furaha kuliko bwana harusi. Akanitazama mimi na machozi yangu. Akageuza shingo akatazama dirisha la jikoni, ambako mpishi mwenyewe alikuwa anakohoa. Nilimwona anaelewa, hatua kwa hatua, mpaka kwenye yale marashi ambayo na yeye lazima aliyasikia wiki nyingi.

"Mzee Shee nasema hapana," akawaambia wageni, "basi ni hapana." Akaniegemea sikioni. "Peleka chini. Hapana mwaga. Peleka na glasi mbili."

Kazi haikuniruhusu kushuka mara moja, kwa hiyo Mzee Shee alitangulia na chupa. Keki ilikatwa, hotuba zikasomwa, mjomba akaimba. Jua lilikuwa limeanza kuelekea nyuma ya minazi nilipopata nafasi ya kuteremka birikani. Mzee Shee alikuwa ameketi ngazini, kanzu ameikunja magotini, chupa ile wazi pembeni yake. Nikamweleza habari ya pilipili. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Kwa hiyo ilikuwa nzima?"

"Nzima kuliko zote, Mzee. Na Madamu anajua."

Akaacha kucheka. "Tangu lini?"

"Tangu pilipili, nadhani. Ndiye aliyesema nilete glasi mbili."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Kisha akamimina glasi moja, akanipa mimi, hakujimiminia. "Haya. Mimi siinywi, na sasa hata kuinusa siwezi. Nimelala na kitu hiki miaka yote hiyo. Niambie kikoje. Na usinambie ni kizuri."

Nikaizungusha glasi. Nikamwambia rangi kwanza: katikati ni nyekundu ya kigae, ukingoni imeanza kuwa hudhurungi, na unaweza kuona kidole chako ng'ambo. Nikamwambia inanuka ngozi ya kiti cha gari kuukuu lililotunzwa. Nikamwambia kuna tumbaku kavu kabla haijasagwa, na kuna sanduku la nguo la bibi harusi likifunguliwa baada ya miaka. Kuna udongo ulioguswa na mvua ya kwanza. Tunda halijaondoka, lakini si zambarau tena, ni tende iliyokaushwa, na nyuma yake kuna damu kidogo, kama ukijing'ata mdomo. Hakuna kinachompigia mwenzake kelele. Nilisema na kusema, na kila niliposita alinisukuma: "Na nyuma yake? Na chini ya hapo?" Macho alikuwa ameyafumba, na mara mbili nilimwona pua inacheza.

Niliinusa tena ili nimalizie. Divai kongwe hivyo haivumilii hewa muda mrefu, na hii ilikuwa imekaa wazi tangu mchana, ikisubiri watu wamalize kuimba; pumzi yake ya mwisho ilitoka nikiwa nasimulia. Nilinusa mara ya pili. Nikanusa mara ya tatu.

"Wasikia nini sasa?" akauliza.

"Hakuna, Mzee. Imekwisha. Hata mimi sisikii kitu."

Mzee Shee akafumbua macho, akatabasamu na kunyoosha mkono nimwinue.

"Basi tumekuwa sawa," akasema. "Twende nyumbani."